Kasha Halikufika Kagerankanda

Kasha la gemu la video lina uso, mgongo na nyuma. Usoni hukaa jina na picha kubwa iliyochorwa ili imsimamishe mpita njia. Mgongoni, ule upande mwembamba unaoonekana kasha likisimamishwa kabatini, jina hurudiwa kwa herufi zinazosomeka kwa mbali. Nyuma huwekwa picha ndogo zilizochukuliwa kwenye gemu lenyewe, maneno machache ya kulisifia, na alama ya umri wa mchezaji. Ndani hukaa kaseti au CD na kijitabu cha maelekezo. Juu ya kitu hiki kimoja limejengwa fundisho lililoenea kutoka vitabu vya ubunifu hadi semina za vijana wanaotaka kutengeneza magemu: kwamba mchezaji hukutana na kasha kabla ya kukutana na gemu, na kwamba picha anayoijenga kichwani pale dukani humwongoza mpaka anapoweka CD kwenye mashine, na hata baada ya hapo. Anayetaka gemu lake lipendwe, husemwa, aanze na kasha.

Fundisho hilo lina historia nzito nyuma yake, na si haki kulipinga bila kuitaja. Atari ilipotoa mashine yake ya VCS nchini Marekani mwaka 1977, magemu yake yalikuwa miraba na mistari michache iliyokuwa ikisogea kwenye skrini. Kampuni ikawapa kazi wachoraji, Cliff Spohn akiwa mmojawapo, nao wakayajaza makasha marubani, vifaru na magari ya mashindano. Mtoto aliyeangalia kasha kisha akaangalia skrini alisaidiwa kuuona mraba kuwa kifaru. Kalamu ya mchoraji ilifanya kazi ambayo mashine haikuiweza. Soko la Amerika Kaskazini likaanguka mwaka 1983, na moja ya malalamiko ya wanunuzi lilikuwa kwamba makasha yaliahidi makubwa kuliko yaliyokuwamo. Nintendo ilipoingia New York mwaka 1985, ilikuja na makasha meusi yaliyoonyesha vijiraba vilevile vya kwenye skrini, vimekuzwa tu, pamoja na muhuri wa kuthibitisha ubora. Mnunuzi aliyekwisha kudanganywa alihitaji kasha linalosema kweli, akalipata. Visa hivi viwili ndivyo nguzo za fundisho lenyewe, na vyote viwili ni vya kweli.

Kosa linaanzia pale visa vya maduka ya Marekani na Japani vinapogeuzwa kuwa kanuni ya mchezaji popote alipo. Kanuni hiyo inahitaji mambo matatu: duka lenye rafu, kasha lililosafiri pamoja na gemu, na mchezaji ambaye ndiye mnunuzi. Likikosekana moja, kanuni inayumba. Yakikosekana yote, inabaki habari ya kwa watu. Katika nyanda za juu za Kigoma yote matatu yamekosekana kwa sehemu kubwa tangu magemu yaanze kupanda huko, na bado magemu hayo yamependwa, yamechaguliwa, yamekataliwa na kubishaniwa kama kwingine kokote. Kama kasha ndilo linalozaa picha ya kwanza, basi vijana hao wamecheza bila kuwa na picha ya kwanza, jambo lisilowezekana. Kuna kitu kingine kinachoifanya kazi hiyo, na fundisho la kasha limekizibia njia kisionekane.

Kagerankanda ni kata ya Wilaya ya Kasulu, upande wa msitu wa Makere, katika nchi ya Waha ya mihogo, maharage, mahindi na mizinga ya nyuki. Kutoka Kariakoo, ambako vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa mikoani huanzia safari, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo huja kwa Reli ya Kati hadi Kigoma kisha ukapanda mlima, au huja kwa basi na lori moja kwa moja. Katika safari kama hiyo, kitu cha kwanza kutupwa ni kasha. Hesabu yake haihitaji karatasi: kasha la kawaida la gemu la PlayStation 2 lina unene wa milimita 14, na CD yenyewe ina unene wa milimita 1.2. Nafasi ya kasha moja inabeba CD kumi na moja. Mchuuzi anayelipia mzigo kwa ukubwa wake hana sababu ya kusafirisha hewa na plastiki. Sanaa ya mchoraji wa Tokyo au California haikushindwa kwa ubaya wake. Ilishindwa na nauli.

Na mara nyingi hapakuwa hata na kasha la kutupa. CD zilizozunguka Afrika Mashariki katika miaka ya PlayStation ya kwanza na ya pili zilikuwa kwa wingi za kuchoma, zikichezwa kwenye mashine zilizofunguliwa na fundi ili zizikubali. Ziliuzwa ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni. Bahati ikiwapo, mfukoni mlikuwa na kava la karatasi lililotolewa kopi juu ya kopi mpaka uso wa mchezaji mashuhuri ukabaki doa jeusi lenye meno. Bahati isipokuwapo, CD ilikuwa na maandishi ya maka peni tu: jina, mwaka, basi. Baadhi ya nakala za Winning Eleven, gemu la mpira la kampuni ya Konami, zilikuwa za Kijapani tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Waliozicheza walijua kwa nafasi kwamba mechi ya kirafiki iko juu, ligi inafuata, na kwamba mahali fulani chini panabadilishwa urefu wa mechi. Hawakusoma kitu, wala hawakuona jalada lolote, na gemu hilo likawa kipimo ambacho magemu mengine yote ya mpira yalipimwa nacho kwa miaka.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye simu. Kwa watu wengi wa Kasulu na wilaya ya Kibondo, kama kwa wengi wa Afrika Mashariki, gemu la kwanza maishani lilikuwa la nyoka. Taneli Armanto wa Nokia alilitengeneza kwa ajili ya simu ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, na toleo lake la pili likaingia vijijini ndani ya Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka 2003, ikauzwa takriban milioni 250 duniani, na ikapendwa zaidi pasipo na umeme kwa sababu ya tochi yake. Gemu la nyoka halikuwa na kasha, bango wala tangazo. Lilikaa ndani kabisa ya menyu, na mtu alilijua kwa kumwona mwenzake ameinamia simu, kidole gumba kikiruka kati ya 2, 4, 6 na 8, bila kuitika anapoitwa. Kuona mtu mzima amesahau kuitika: hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kwanza ya gemu la nyoka, na hakuna mchoraji aliyeichora. Anayesema kwamba bila kifungashio gemu halijitambulishi itambidi aeleze kwanza jinsi nyoka huyu alivyotambaa hadi mwisho wa barabara.

Nyanda hizi zina bidhaa nyingine inayofundisha jambo hilihili, nayo ni asali. Asali ya misitu ya Kibondo na Kasulu imeuzwa miaka na miaka kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, na kwenye madumu ya mafuta ya kula yaliyooshwa. Chupa haina lebo, na kama inayo, ni ya maji. Mnunuzi huinua chupa kwenye mwanga, huigeuza kichwa chini aangalie kipovu kinapanda polepole au kwa haraka, hufungua kizibo, hunusa, huchovya kidole. Kisha huuliza imetoka pori gani. Hukumu yake ya kwanza ina vipimo, ina utaratibu, na haina hata chembe ya karatasi. Maofisa wa biashara wamekuwa wakiwahimiza wafugaji wa nyuki watumie vifungashio vyenye lebo, na wana haki, kwa sababu asali ile ikifika kwenye duka la Dar es Salaam hakuna atakayeruhusiwa kuchovya kidole. Hapo ndipo kazi halisi ya kifungashio inapoonekana: kinahitajika pale mnunuzi anapozuiwa asijaribu. Mahali ambapo kujaribu ni bure na ni kwa kawaida, kifungashio hakina la kusema.

Gemu katika banda la Kasulu au Kibondo hujaribiwa kwa macho kabla halijachezwa kwa mikono, na banda lenyewe linastahili kuelezwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linalofanya kazi ambayo vitabu vimeipa karatasi. Chumba ni kidogo, cha tofali au cha mbao. Mlangoni huning'inizwa pazia la khanga iliyochakaa au gunia, ili jua lisiifute picha kwenye televisheni. Ndani kuna benchi moja au mawili, televisheni moja au mbili, na pedi mbili kwa kila mashine, moja yake ikiwa na kitufe kilichozama ambacho wenyeji wanajua kukibonyeza kwa ukucha. Umeme kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta: hata miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO kabla ya gridi ya Taifa kufika, na vijijini mwenye banda alikuwa na lake, au alikuwa na betri na sola. Malipo ni kwa mechi, na aliyefungwa anapisha.

Mtoto asiye na hela hainui pazia lote. Huinua kona. Kitu cha kwanza anachokiona si gemu, ni migongo. Juu ya migongo anaona mwanga wa kijani wa uwanja ukicheza kwenye paji la uso la mtu aliyekaa pembeni. Anasikia sauti ya mtangazaji wa Kiingereza ikifunikwa na sauti ya kijana wa benchi la nyuma anayetangaza mechi hiyohiyo kwa Kiswahili na Kiha. Kabla hajajua jina la gemu, amekwisha kujua kwamba linachezwa na wawili, kwamba aliyeshinda anaheshimiwa, kwamba goli la kichwa linashangiliwa kuliko la penalti, na kwamba fulani wa mtaa wa pili hafungiki. Siku atakayopata hela ataingia akiwa na matarajio kamili, na matarajio hayo yatakuwa sahihi. Hakuna nyuma ya kasha iliyowahi kumweleza mnunuzi wa London nusu ya hayo.

Waliolizoea fundisho la kasha hupenda kujibu kwamba pazia, migongo na kelele navyo ni kifungashio, kwa maana pana. Jibu hilo linaonekana la busara, lakini linaua hoja lililokuja kuitetea. Fundisho halikusema kwamba gemu lolote huzungukwa na mazingira fulani. Hilo halina mbishi. Lilisema kwamba mbunifu, akiwa ofisini kwake, kwa rangi, herufi na picha, huiumba picha ya kwanza ya mchezaji. Kama kifungashio ni banda, basi mbunifu hayumo. Aliyemo ni mwenye banda anayeamua televisheni iangalie mlango au ukuta, mtangazaji wa benchi la nyuma, na bingwa wa mtaa. Neno likipanuliwa mpaka libebe kila kitu, linaacha kumfundisha mtu chochote.

Karatasi ilipofanikiwa kufika, ilifundisha wachezaji somo moja tu, nalo ni kutoiamini. Kaseti za zile mashine za kuigiza Famicom ya Nintendo, zilizoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, zilikuwa na lebo iliyodai magemu 9,999,999 ndani ya kaseti moja. Aliyeiweka kwenye mashine alikuta magemu machache, yakirudiwa kwa majina tofauti, hapa umeanzia hatua ya pili, hapa umeongezewa maisha. Lebo ilikuwa na ndege za kivita na wanamieleka ambao hawamo. Kilichofuata hakikuwa kukata tamaa. Watoto walijifunza kuuliza swali jingine kabisa: yapi ya kweli? Na swali hilo hujibiwa na mtu aliyekwisha kuicheza kaseti, halijibiwi na lebo. Watoto waliolelewa na lebo kama hizo hawawezi kuelezwa kuwa hutekwa na uso wa kasha. Uso wa kasha waliuvuka wakiwa na umri wa miaka minane.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito kweli. PolyStation, mashine ya kuigiza iliyovaa umbo la PlayStation huku tumboni ikiwa na magemu ya miaka ya 1980, iliuzwa kwa kasha lake. Kasha lilinakili rangi na maumbo ya Sony, na watu wengi walinunua. Hapa kasha lilifanya kazi, tena kazi kubwa. Lakini inafaa kuangalia nani aliyenunua. Alikuwa mjomba anayerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam mwezi Desemba, au mama aliyeshuka Kigoma mjini kwa shughuli nyingine akakumbuka ahadi aliyompa mwanawe. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kushika pedi, aliyetakiwa kuchagua kati ya makasha mawili kwenye meza ya mchuuzi, moja likiwa la bei ambayo haigusiki. Mtoto, kasha lilipofunguliwa nyumbani, aliigundua tofauti kabla mashine haijapata moto, kwa sababu aliijua PlayStation kwa kuiona ikichezwa. Kasha ni la mnunuzi asiyecheza. Huo ndio mpaka wa nguvu zake, na kila mfano unaotolewa kuonyesha ushindi wake, ukichunguzwa, una mzazi, mjomba au shangazi ndani yake.

Hoja ya pili ni ya leo. Husemwa kwamba kasha limehamia kwenye duka la simu: Google Play humtaka mtengenezaji aweke ikoni ya pikseli 512 kwa 512, picha kadhaa za skrini, na bango, na kwamba hizo ndizo kasha jipya. Kwa anayepakua moja kwa moja kutoka dukani, sawa. Lakini bando lina bei, na gemu la megabaiti mamia kadhaa halipakuliwi na kila mtu. Njia ya kawaida zaidi ni mkono kwa mkono: kijana mmoja hulipakua, wengine hulichukua kwake kwa Xender au kwa bluetooth, au hulipia kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, ambako fundi ana folda ya magemu kwenye kompyuta yake. Anayechukua gemu kwa njia hii hakuliona dukani. Aliliona mkononi mwa mwenzake likichezwa, akaomba. Ikoni anakutana nayo mwishoni, likiwa limekwisha kuingia kwenye simu yake, na hapo kazi yake ni moja tu: kumsaidia kulipata tena.

Magemu ya mpira yanaonyesha jambo hili wazi kuliko mengine. Tangu PPSSPP, programu ya kuchezesha kwenye simu magemu ya PSP, mashine ya mkononi ya Sony, itolewe mwaka 2012, vijana wamekuwa wakizifumua faili za magemu ya mpira na kuzivalisha jezi mpya, zikiwamo za Simba na Yanga. Jalada la Konami halikubadilika. Lilibaki na nyota wa Ulaya. Kilichobadilika ni uvumi. "Humo kuna Simba na Yanga" ni maneno matano yanayofanya kazi ambayo jalada lolote lingeshindwa, kwa sababu yanatoka kwa mtu anayejulikana na yanaweza kuthibitishwa palepale kwa kuwasha simu. EA Sports, kwa upande wake, ilimweka Cristiano Ronaldo kwenye jalada la FIFA 19, kisha mwanzoni mwa mwaka 2019 ikamwondoa na kuwaweka Neymar, Kevin De Bruyne na Paulo Dybala. Kwenye CD ya maka peni mabadiliko hayo hayana mahali pa kutokea.

Inawezekana kusema kwamba hayo yote ni hali ya umaskini wa miundombinu, na kwamba Kagerankanda siku moja itapata duka lenye rafu na kanuni itafanya kazi. Lakini kanuni ina nyufa hata huko ilikozaliwa. Aleksei Pajitnov aliandika Tetris mjini Moscow mwaka 1984. Gemu hilo lilinakiliwa kwenye diski na kupita kutoka ofisi hadi ofisi bila kasha wala bei, na lilikuwa limekwisha kuwateka watu kabla ya kampuni ya Marekani, Spectrum HoloByte, kulivisha kasha jekundu lenye kanisa la Moscow mwaka 1988. Minecraft ilianza kuuzwa kwa mtandao mwaka 2009 bila kasha lolote, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeuzwa nakala zaidi ya milioni 300. Mega Man ya Capcom ya mwaka 1987 ilipewa, kwa soko la Marekani, jalada lenye mtu mzima aliyeshika bastola, ingawa ndani yake mna roboti mtoto wa bluu ambaye mkono wake wenyewe ndio silaha. Ni moja ya majalada yanayochekwa zaidi katika historia ya magemu, na mfululizo huo umeishi miongo kadhaa.

Mfano unaopendwa zaidi na watetezi wa kasha ni Ico ya mwaka 2001. Fumito Ueda, aliyeliongoza gemu hilo, alilichorea mwenyewe jalada la Japani na Ulaya, akifuata roho ya mchoraji Giorgio de Chirico: vivuli virefu, matao, na watu wawili wadogo wakikimbia. Marekani ilipewa jalada jingine, baya, na gemu likauzwa kidogo huko, basi jalada likalaumiwa. Kinachoachwa nje ni kwamba Ico haikuvuma sokoni hata ilipokuwa imevaa mchoro wa Ueda. Sony iliitoa upya Ulaya mwaka 2006 ikiwa na mchoro uleule, na safari hii ilikuwa na wa kuisubiri. Kilichokuwa kimeongezeka katikati ni sifa: watu waliolicheza walikuwa wamewaambia wengine, na Shadow of the Colossus, kazi iliyofuata ya Ueda, ilikuwa imetoka. Mchoro mmoja, matokeo mawili. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa magemu, hata kizuri huhitaji shahidi, na shahidi huyo ni mtu aliyekwisha kucheza.

Ubishi huu ungekuwa wa wasomi tu kama fundisho la kasha halingedhuru. Linadhuru kwa njia mbili, na ya kwanza inawahusu watoto. Alama ya umri ilibuniwa ikae kwenye kasha: ESRB ilianzishwa Marekani mwaka 1994, PEGI ikaanza Ulaya mwaka 2003. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilitoka ikiwa na alama ya miaka 17 na zaidi kwa Marekani na 18 kwa Ulaya. Kasha lilipotupwa Kariakoo, alama ilitupwa nalo. Mtoto wa miaka tisa aliyeinua kona ya pazia hakuvunja katazo lolote, kwa sababu katazo halikufika. Kila mjadala unaodhani kwamba ulinzi wa mtoto unakaa kwenye kifungashio unamwacha mtoto huyo nje ya hesabu. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na wazo lililomo ndani yake, kwamba mahali pa kuonyeshea panahitaji kibali, linafaa zaidi hapa kuliko alama yoyote ya karatasi, kwa sababu linamtazama mwenye mlango. Mwenye banda ndiye rafu. Yeye ndiye anayejua saa ambayo shule zimefunguliwa na saa ambayo wadogo wamejaa benchi la mbele, na ndiye anayeweza kubadilisha CD. Kumpa mwenye banda orodha ya magemu yasiyofaa watoto, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani juu ya televisheni, kungewalinda watoto wa Kasulu kuliko makasha yote ya PlayStation 2 yaliyowahi kuchapwa.

Madhara ya pili yanawapata watengenezaji wa Afrika Mashariki. Kijana aliyefundishwa kwamba kasha ndilo mwanzo hutumia akiba yake kwenye jalada, nembo, ikoni na filamu fupi ya tangazo, na dakika ya kwanza ya gemu huijaza nembo za kampuni, maelezo marefu ya Kiingereza na ombi la kujisajili kwa barua pepe. Kwa mchezaji anayelipokea gemu kwa bluetooth, dakika hiyo ndiyo kasha, nayo imejaa kuta. Kola Studios ya Kampala ilipotengeneza gemu la simu la Matatu, haikuhitaji kumtambulisha mtu yeyote kwa lolote, kwa kuwa matatu ni mchezo wa karata ambao Waganda walikuwa wakiucheza siku zote. Jina pekee lilitosha, na aliyekuwa amesimama nyuma ya mchezaji aliweza kumshauri atupe karata gani. Hapo nyuma ndipo mahali ambapo gemu la Afrika Mashariki huamuliwa. Gemu linalosomeka na mtu aliyesimama nyuma, kwa mbali, jua likiwa limeipiga skrini, bila sauti kwa sababu spika ya simu imekufa, litapita. Gemu linaloeleweka na aliyeshika simu peke yake halitatoka kwenye simu hiyo.

Kazi inayodaiwa hapo ni ya ubunifu, tena ngumu kuliko kuchora jalada: maumbo makubwa yanayotofautiana hata kwenye skrini iliyopasuka, mwendo unaoonyesha kanuni za mchezo bila maneno, alama za ushindi zinazoonekana kutoka mlangoni, na lugha ambayo benchi zima linaisema. Ukubwa wa faili nao umo. Megabaiti 40 hupita kwa bluetooth wakati watu wawili wanasubiri bodaboda; megabaiti 900 hazipiti, hata ziwe na ikoni nzuri namna gani.

Kwenye kibanda cha memori kadi, fundi hugeuza kompyuta yake ili mteja aone folda. Mteja hasomi. Huuliza lipi lile ambalo fulani analicheza, lile la magari yanayoruka ukuta. Fundi hubonyeza mara mbili, gemu linafunguka, wote wawili wanaliangalia kwa muda, na walio nyuma yao wanasogea. Mteja akitikisa kichwa kukubali, faili huhamishwa. Jina la faili, ambalo ndilo kitu pekee kilichoandikwa juu yake, ni mfululizo wa herufi na namba alizoziacha mtu wa kwanza aliyelipakua.